Matoleo Matatu na Shemeji Mmoja

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku imeanza vibaya na imeisha vibaya zaidi. Bosi alituita mimi na shemeji chumba cha michoro, akatangaza kwamba kompyuta ya kazi imelemewa. Programu moja ya kuchorea makabati, matoleo matatu! La zamani, ambalo ni langu. La kati, ambalo aliliacha mchoraji aliyehama na sasa halina mwenyewe. Na jipya, la shemeji. Yamekaa kwenye skrini kama wake wenza waliopewa chumba kimoja. Mchoro ukifunguliwa na moja, jingine linanuna. Bosi kasema libaki moja. Jipya. Na kazi ya kuyafuta mengine kampa shemeji.

Kasema pia karakana imekua, chumba cha michoro sasa kinahitaji mkuu. Atamtaja Ijumaa. Aliposema hivyo alikuwa anaangalia dirishani. Sikupenda alivyoangalia dirishani.

Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Toleo jipya silijui. Nililifungua siku moja, nikakuta vitufe vyote vimehamishwa, nikatafuta rula mpaka nikatoka jasho, nikalifunga. La zamani nalijua hata nikiwa nimefumba macho.

Na huyu shemeji nimemleta mwenyewe! Mdogo wake mke wangu. Mke wangu alinibembeleza wee, nikabeba vyeti vya kijana kwa mikono hii mpaka mezani kwa Bosi. Leo ananiambia mbele ya mafundi kwamba nisijali, atanifundisha, ni rahisi tu. Rahisi! Fundi wa msumeno akacheka hadi miwani ikashuka.

Nina mpango.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimefika kazini kabla ya wote. Nimenakili toleo langu la zamani nikalificha ndani ya folda niliyoiita "Picha za choo cha wageni". Nani atafungua hiyo? Nimejaribu. Linafanya kazi. Nilikaribia kulibusu.

Shemeji akaja kufuta. Kwanza akaomba samahani. Akasema anajua nimelizoea, na kama nataka, anaweza kulifuta mwishoni kabisa. Huruma ya kinafiki! Nikakunja uso kama mtu wa msibani, nikamwambia afute tu, dunia haisubiri mtu. Akafuta. Akanishika bega.

Jioni akaja kula kwetu. Mke wangu akampakulia kipande cha nyama ambacho nilikuwa nimekitolea macho tangu kikiwa sufuriani. Akamuuliza habari za kazi. Akajibu kwamba anajifunza mengi kwangu. Mke wangu akaniangalia kwa furaha. Nikajua kijana anatafuta ukuu mpaka mezani kwangu.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Ushindi!

Asubuhi niliiagiza kompyuta kwamba mchoro wowote ukibofywa ufunguliwe na toleo langu la mafichoni. Basi. Sikugusa kitu kingine. Nikakaa, nikachonga penseli.

Akaja yule daktari wa meno, mwanamke mrefu asiyependa kupotezewa muda. Anafungua kliniki mpya na ametuagiza kabati kubwa la mapokezi. Mchoro ni wa shemeji, ameushughulikia kwa wiki nzima. Bosi akamsogezea daktari kiti, shemeji akabofya. Skrini ikajibu kwamba faili hili limetengenezwa na toleo la baadaye na haliwezi kufunguka.

Toleo la baadaye! Hata kompyuta inamwona yeye ndiye kesho. Niliumia kidogo, lakini nikavumilia.

Shemeji akabofya tena. Na tena. Shingo ikamlowa jasho. Daktari akaangalia saa. Bosi akauliza kwa ile sauti yake ya chini, ambayo ni mbaya kuliko kelele, kama huu ndio usasa tulioahidiwa. Hapo nikasimama. Nikasema wanipishe kidogo humo chumbani, nitauokoa mchoro.

Walipotoka nikalifungua toleo jipya kupitia mlango wa nyuma, nikatafuta pale pa kuhifadhi kwa ajili ya toleo la zamani, nikapapata baada ya kuhangaika. Likatokea onyo refu lenye maandishi mekundu. Maonyo ya kompyuta ni kama mawaidha ya mama mkwe, ukiyasikiliza yote hufanyi kitu. Nikabofya Ndiyo. Kisha nikaufungua mchoro kwa toleo langu. Kabati lote hilo hapo! Droo, milango, mistari yote imenyooka. Pale pembeni, penye jina la mchoraji, nikaandika langu. Nani ameuokoa?

Daktari akaupenda. Bosi akanipiga mgongoni mpaka nikakohoa. Shemeji aliuangalia mchoro kwa muda mrefu, kisha akauliza polepole kama nimekagua milango. Nikamwambia akakague ya kwao.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Leo nimetembea karakanani mikono nyuma, kama mkuu. Mbao nyeupe zinakatwa, zinapigwa gundi, zinakazwa. Shemeji katumwa nje kupima jiko la mteja mwingine. Vizuri. Ajifunze jua.

Fundi wa msumeno alinifuata mara mbili. Mara ya kwanza kuuliza bawaba zinakaa wapi, maana haoni. Mara ya pili kuuliza kama hii kweli ni milango au ni mapambo. Nikamwambia yeye akate kilichochorwa, kuchora aniachie mimi. Akaondoka akinung'unika. Baadaye nikamsikia akiwaambia wenzake kwamba labda ni mtindo mpya, unabonyeza na mlango unajifungua wenyewe. Watu hawa!

Nyumbani mke wangu kasema mdogo wake amenyong'onyea, hali chakula vizuri. Akauliza kama nimemsaidia. Nikasema nimemsaidia kuliko anavyojua. Nililala kama mtoto.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Kabati limefikishwa kliniki. Linang'aa. Watu wanne walilibeba. Wagonjwa wamekaa kwenye viti, Bosi kavaa koti, mimi nimevaa tai. Daktari akaja na rundo la mafaili yake, akaweka mkono kwenye droo ya juu, akavuta. Kimya. Akabonyeza. Kimya. Akahamia ya pili. Akainama kwenye milango, akapapasa chini, akapapasa juu, akalizunguka kabati lote mpaka akarudi alipoanzia, bado kabeba mafaili kifuani.

Halifunguki popote. Toleo la zamani halizijui droo wala milango ya toleo jipya. Lilibakiza mistari tu. Tumempelekea daktari sanduku kubwa jeupe lililochorwa kabati usoni.

Mgonjwa mmoja mwenye shavu lililovimba alianza kucheka, akashika shavu, akalia, akacheka tena. Daktari aligeuka taratibu akamwambia Bosi, "Nielekeze pa kuingilia."

Bosi alikunjua mchoro. Akasoma jina pale pembeni. Akanitazama.

Ndipo shemeji akajitokeza, naye hata hakualikwa, alikuja kusaidia kushusha. Akasema kosa ni lake. Kwamba yeye ndiye aliyepewa kazi ya kusafisha kompyuta, hakuisafisha vizuri, matoleo yakagongana. Kwamba atalibomoa na kulijenga upya hata kama ni kwa kukesha. Alisema yote hayo bila kuniangalia.

Alijua! Nimefikiria njia nzima. Tangu Jumatano alijua. Aliiona folda, aliiona milango, akanyamaza ili leo asimame pale na kunisamehe mbele za watu. Sijawahi kuona mtu mwenye roho mbaya kiasi hicho.

Bosi alitaka kunifukuza. Shemeji kamfuata ofisini, wamekaa muda mrefu. Sikufukuzwa. Nimehamishiwa stoo. Mkuu wa chumba cha michoro ni shemeji.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nyumbani ni baridi. Nilidhani shemeji amenichongea kwa dada yake. Nikamwambia mke wangu kwamba ndugu yake ana mdomo. Akasema ndugu yake hajamwambia lolote, tena alipomuuliza alikana. Aliyempigia simu ni fundi wa msumeno.

Nikaanza kujieleza. Nikaeleza habari za matoleo, jinsi moja linavyohifadhi na jingine linavyoshindwa kusoma. Alikuwa anakunja nguo za watoto. Alikunja mpaka zikaisha, kisha akasema, "Baba watoto, unadhani nilikuomba umtafutie kazi kwa ajili yake? Yeye alikuwa ameshapata kwingine. Ulikuwa unarudi hapa kila siku umenuna, huna hata mtu mmoja kule wa kucheka naye. Nikasema akiwepo yule, hutakuwa peke yako."

Akabeba nguo akaenda chumbani.

Kumbe walipanga wote wawili.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Stoo haina dirisha. Ina gundi, vitasa, misumari, na kompyuta ya zamani ya kuhesabia vifaa.

Shemeji alikuja asubuhi na vikombe viwili vya chai. Hakujifanya mkuu hata kidogo, alivuta ndoo ya rangi akakaa kando yangu. Kasema atamwambia Bosi nirudi juu mambo yakipoa. Kasema tuwe tunatenga muda mchana, anionyeshe toleo jipya polepole, wala hakuna atakayejua. Tulianza na rula. Iko juu kulia. Kisha akasimulia jinsi daktari alivyolizunguka lile kabati, na mimi nikacheka kabla sijajizuia. Nilikasirika sana baadaye.

Alipoondoka nikaichunguza kompyuta ya stoo. Programu ya kuhesabia ina matoleo mawili! Jipya linahesabu vitasa kimoja kimoja. La zamani linahesabu jozi. Hakuna mtu anayelijua hilo isipokuwa mimi.

Kesho shemeji ana oda yake ya kwanza kama mkuu, jiko la hoteli nzima. Kanipigia simu kuulizia vitasa, kwa heshima zote, shemeji hivi, shemeji vile. Nimemsomea idadi kutoka toleo la zamani, bila kutaja kwamba ni jozi. Kashukuru. Kasema bila mimi angefanyaje.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Ndugu ni kusaidiana.