Picha Themanini na Tatu Zinazomwagika

Jumapili, 11 Januari

Mama karuka leo kwa dakika nne. Majaribio tu.

Daktari kamkataza ndege za kweli. Moyo wake una miaka themanini na mbili na hautaki tena mambo ya juu. Kwa hiyo nimemtengenezea ndege ya mezani: kompyuta, usukani, na mchezo wa kurusha ndege wenye ramani ya dunia nzima. Nimemuahidi mbele ya ukoo mzima kwamba Ijumaa hii, baada ya chakula, nitampeleka kwao Unguja.

Tukaruka juu ya Qurum, hapa hapa Oman. Mawingu meupe, kivuli chetu kinatambaa taratibu juu ya mapaa. Raha ya usingizi. Halafu nikakata kona, na dunia ikachanika. Nusu ya juu ya picha ishageuka, nusu ya chini bado inafikiri. Mlima mmoja, vipande viwili, kama karatasi iliyochanwa ikabandikwa na mlevi. Mama akafumba macho, akasema kichwa kinamzunguka.

Yaqoob alikuwepo, mume wa dada yangu Aliya. Siku zote yupo. "Shemeji, umeichana Oman katikati. Wenyewe wana khabari?" Kisha akamwambia Mama kwamba kwake Qurum ana video ya Zanzibar na skrini kubwa kama mlango wa gereji. Ikishindikana kwa Msellem, yaani mimi, karibu. Kasema kwa sauti ya kufariji. Sauti ile naijua, ndiyo aliyomposea Aliya.

Dawa nnayo: kadi mpya ya picha. Kadi ndiyo mchoraji. Yangu ina miaka saba, inachora picha arobaini kwa sekunde, nazo kwa kujikongoja.

Jumatatu, 12 Januari

Asubuhi dukani kwangu Wadi Kabir alikuja mteja anataka kiyoyozi cha tani tatu. Chumba chake mita za mraba kumi na sita. Nikamwambia tani moja na nusu inatosha. Ukizidisha, unalipia baridi ya jirani. Kaondoka ananiombea dua. Miaka ishirini na mbili nimejenga jina kwa ukweli kama huo. Nilianza na bisibisi moja na ngazi ya kuazima, na hakuna shemeji aliyenishikia hiyo ngazi.

Baada ya alasiri nikaenda duka la kompyuta. Muuzaji, Sleiman, mtu mzima wa miwani, akaniuliza skrini yangu inaonesha picha ngapi kwa sekunde. Nikamwambia sitini, na kwamba skrini haiumwi, nimekuja kwa ajili ya kadi. Akasema basi hii ya kati itanifaa, kubwa nitalipia bure.

Nikamtazama sana. Muuzaji anayekushauri ununue kidogo ana lake jambo.

Nimechukua kubwa kuliko zote. Giga kumi na sita, feni tatu, rial mia tatu na kumi.

Jumanne, 13 Januari

Kadi imezidi sanduku la kompyuta kwa sentimita tatu. Sleiman hakusema. Au kasema nami nilikuwa nahesabu feni. Nimekata bati la ndani kwa msumeno wa duka.

Ikawaka. Namba pembeni ya skrini: picha mia na arobaini na tatu kwa sekunde. Nilikaa naitazama namba ile kama mtu anayetazama mwezi wa Idi. Nikaruka juu ya Mawaleh, juu ya nyumba yangu mwenyewe. Nyumba ndogo, kimya, hamna mtu anayedai kitu. Nikaambaa na pwani hadi Sur, nikasahau kama nina miguu.

Nikakata kona. Dunia ikachanika pande tatu.

Yaani nimelipa rial mia tatu na kumi nikaongezewa mchaniko mmoja.

Jumatano, 14 Januari

Restituta anamtunza Mama. Mtu wa Bukoba, mwaka wa nne nyumbani kwetu. Leo alikuwa anampa Mama dawa, akasimama nyuma yangu, akatazama.

"Bosi, samahani. Hiyo skrini inameza sitini. Wewe unailisha mia na arobaini na tatu. Si lazima ipaliwe?"

Nikamuuliza kasomea wapi. Akasema kaka yake Ulimboka ana chumba cha gemu Mwanza, kompyuta nane, na yeye ndiye aliyekuwa akizitengeneza. Akaeleza kwamba skrini ikiwa bado inamalizia picha moja, kadi inaisukumia nyingine, ndiyo maana unaona vipande vya picha mbili kwa pamoja. Kwenye mipangilio kuna kitufe cha kuifanya kadi imsubiri mwenzake. Itatoa sitini tu, na dunia itakuwa nzima.

Sitini. Nikachukua kalamu. Mia na arobaini na tatu toa sitini, themanini na tatu zinamwagika. Asilimia hamsini na nane. Katika rial mia tatu na kumi, hiyo ni rial mia na themanini kasoro kidogo, nitakuwa nimeitupa chooni kwa kubonyeza kitufe mwenyewe.

Nikamwambia ahsante, lakini sikununua gari ya gia sita nikaiendeshe kwa gia ya pili.

"Sawa bosi. Ila abiria ni Bibi."

Nikaishika tena kalamu. Nilikuwa na hesabu nyingine.

Alkhamis, 15 Januari

Mpango mpya, na haugharimu kitu. Dunia inachanika nikikata kona. Basi sikati kona. Nimepiga mstari mmoja kutoka juu ya Pemba hadi Unguja, kama rula.

Nikamweka Mama kitini. Tukaenda. Maji yametulia, mawingu yanafunguka moja moja kama mapazia, na Mama akaanza kuhadithia polepole nyumba yao ya Bububu, kisima, mfenesi ulioegemea ukuta. Sijamsikia akisema hivyo miaka. Nikaona nimeshinda.

Kumbe mchezo una upepo. Upepo ukatusukuma. Unguja ikajitokeza kushoto, kijani, nzima, nzuri. Ikaendelea kuwa kushoto.

"Msellem, mbona hatwendi?"

Nikamwambia tunaitazama kwanza.

"Inapita, mwanangu. Inapita ile."

Nikakata kona. Kisiwa kikapasuka vipande vitatu mbele ya macho yake. Akashika meza. Restituta akamletea maji. Mama akasema taratibu kwamba si kosa langu, huenda haijaandikwa, na kesho labda aende tu kwa Yaqoob akatazame video, mradi aione mara moja kabla hajaiaga dunia.

Angenitukana ningestahimili.

Ijumaa, 16 Januari

Kabla ya sala nimebonyeza kitufe. Picha sitini. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine nitakayemwambia.

Mama hakutaka kujaribu tena. Restituta akamshawishi kwa lugha anayoielewa Mama: "Bibi, ndege imeshawashwa, unataka irudi tupu?" Basi akainuka, akavaa buibui, akajifukiza udi. Akasoma dua ya safari. Akauliza kama safari hii inaruhusu kufupisha sala, tukatazamana, hakuna aliyejua. Kisha akapakata bakuli la halua, maana haendi Unguja mikono mitupu.

Yaqoob kasimama nyuma na mikono kifuani.

Nikakata kona ya kwanza. Hakuna kilichochanika. Kisiwa kikageuka kizima kizima, kama mtu anayejigeuza usingizini. Barabara, minazi, mapaa ya bati yanang'aa. Yaqoob akashusha mikono.

Nyumba ya Bububu haimo. Mchezo umepanda miti mitupu. Mama akaelekeza kidole mahali sipo kabisa, karibu na uwanja wa mpira, akasema, "Pale. Kisima kile pale." Nikasema nnakiona.

Akataka tushuke akatoe salamu. Kutua sijui. Nimejaribu mara ishirini na sita, nimeanguka mara ishirini na sita. Nikamwambia uwanja umejaa, tusubiri zamu. Tukazunguka juu ya miti ile saa nzima. Akawapungia watu wa chini, akawataja kwa majina, mmoja mmoja, hata akalala na bakuli mapajani.

Yaqoob akaninong'oneza kwamba kadi ni nzuri. Nikamwambia kila kitu ni kujua kuipanga. Restituta alikuwa mlangoni. Akacheka chinichini, akaenda kuchukua shuka.

Jumamosi, 17 Januari

Mama kaamka saa nne, kachoka na safari. Kauliza tunarudi lini. Nikasema Ijumaa.

Mie sikulala vizuri. Saa nzima ile, kila sekunde, picha themanini na tatu zilikuwa zinamwagika. Zidisha kwa sekunde elfu tatu na mia sita: laki mbili, tisini na nane elfu, mia nane. Zote halali yangu.

Nimepata jibu. Kosa ni skrini. Zipo zinazoonesha mia mbili na arobaini kwa sekunde. Nimempigia Sleiman aniwekee moja. Hapo hakimwagiki kitu.

Akaniuliza kama nimezingatia kwamba kadi yangu inatoa mia na arobaini na tatu, kwa hiyo tisini na saba za skrini zitakaa bure.

Nilikuwa sijazingatia. Nimemuuliza kama kuna kadi kubwa zaidi.