Laini Iliyojipanga Nyuma Yangu

Leo nimeaibika, tena mbele ya baba mkwe. Nawaandikia kutoka saiba, duka la intaneti, hapa Kitale kabla hamjasikia kwa wengine, maana Naitiri nzima wanayo hii habari na nadhani saa hii imeshavuka mpaka ikaingia Uganda.

Ilianza Jumapili iliyopita. Alikuja mhubiri hapa Kitale, mtu wa suti ya rangi ya maziwa, akafundisha ati ukitaka kitu maishani usikiombe tu. Kiandike. Kiandike kwa herufi kubwa kama mtu aliyekwisha kukipata, ukiweke mahali kila jicho litakiona, na ukishaandika usitie shaka wala usigeuke nyuma. Watu walilia. Mimi nililia kuliko wote (nilikuwa nimeketi karibu na spika).

Sasa, ninachotaka mimi kila mtu anakijua. Nataka kuwa katibu wa kikundi chetu cha wakulima kule Naitiri. Katibu ndiye anakaa na muhuri. Katibu ndiye husimama kusoma kumbukumbu za mkutano na hata watoto wakanyamaza. Na kubwa kuliko hayo, kuna baba yake Nasimiyu, mke wangu. Mzee ni karani mstaafu wa Bungoma, na anaamini kwamba mtu aliyesoma ngumbaru, yaani shule ya watu wazima, jioni, baada ya kutoka shambani, hakusoma. Alizoea tu kukaa kwa taa. Cheti changu nimekiweka kwa fremu kubwa kuliko dirisha. Mzee akija hutazama dirisha.

Uchaguzi ulikuwa leo. Nikamwalika aje ajionee mwenyewe.

Asubuhi nikachukua rangi nyeupe iliyobaki tulipopaka mlango, nikatafuta ubao wa kabati lililokufa. Neno la kwanza likanisumbua kidogo. Nikamwuliza Nasimiyu linaandikwaje. Yeye alikuwa anachambua mchele wa mkutano, hakuinua hata kichwa.

"Si uandike tu vile unalitamka."

Nikalitamka kwa sauti, nikalitamka tena, nikaridhika. Nikaandika:

KULA ZOTE NI ZANGU

Safi kabisa. Hata rangi haikudondoka.

Nikaufunga ubao kwa karia ya baiskeli, nikaendesha pole pole ili watu wapate nafasi ya kusoma. Nguvu ya maandishi nikaiona mapema. Akina mama waliotoka kisimani walinipungia mikono huku wakicheka (furaha, nikasema moyoni). Fundi wa viatu aliacha kazi, akausoma ubao wote, akaniambia kwamba mimi angalau nimesema ukweli kabla ya kuchaguliwa, maana wenzangu hungoja kwanza waingie. Nikamshukuru sana. Nikamkaribisha uwanjani.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule ya msingi. Akina mama walikuwa wamewasha moto, sufuria za wali na nyama zimejipanga, Nasimiyu akiwa na mwiko. Harufu ya nyama hiyo ingemfufua mtu aliyezikwa Kimilili. Uchaguzi ulisimamiwa na Bi Zuhura, afisa wa ushirika, mzaliwa wa Mombasa, Kiswahili chake kimepigwa pasi mpaka kwa kola. Akaeleza kwamba tutachagua kwa mlolongo: mgombea anasimama, wanachama wanaomtaka wanajipanga nyuma yake.

Mpinzani wangu, Mwalimu Simiyu, akachukua goli la juu. Mimi nikachukua goli la chini, karibu na sufuria. (Huo ulikuwa ujanja. Niliona harufu itanisaidia kampeni.) Nikaegesha baiskeli kando yangu, ubao ukitazama watu, nikawapa mgongo. Usigeuke nyuma, alisema mhubiri. Sikugeuka.

Nikasikia miguu. Halafu miguu mingine. Nikasikia nyanya mmoja akiuliza kama hapa ndipo laini ya kura, na mtu akamjibu kwani haoni, si imeandikwa. Kifua kikanipanuka mpaka kifungo kikakatika.

Nilivumilia, bana, lakini shingo ni ya binadamu. Nikachungulia. Laini ilikuwa imetoka golini, ikapita bendera, ikapinda kwa choo cha shule na kupotelea kwa mahindi ya jirani! Na wa kwanza kabisa, nyuma yangu hasa, alikuwa baba mkwe. Mzee wa watu, mgeni, hata si mwanachama, amekuja kunisimamia. Machozi yakanilenga.

Nikaanza hotuba. Niliwashukuru mmoja mmoja kwa ukoo. Niliwaahidi kwamba muhuri utalala kwa blanketi yake. Nilisema kuna waliobeza elimu ya jioni, lakini leo wamejipanga wenyewe, na nimewasamehe. Hapo nilimtazama mzee. Mtu wa nyuma akasema hotuba wataisikia wakishamaliza, laini isonge.

Bi Zuhura akafika na kalamu kuhesabu. Akasimama. Akatazama mikono ya watu, kitu ambacho mimi sikuwa nimefanya. Akamgeukia baba mkwe kwa adabu zote.

"Shikamoo mzee. Samahani, hii ni foleni ya kura?"

"Marahaba. Ndiyo, ya kura."

"Kura ya kupiga, au kula ya kutafuna?"

Mzee akainua sahani.

"Ya kutafuna, mama. Si ndio huyu kijana ameandika?"

Ndipo nikaziona. Sahani, mabakuli, vikombe. Nyanya wana sahani, watoto wana sahani, fundi wa viatu ameshika kifuniko cha sufuria. Wanachama wenyewe, wapiga kura halisi, walikuwa wote goli la juu kwa Mwalimu Simiyu, isipokuwa wale waliokuwa wamelala kwa nyasi wakishika mbavu. Bi Zuhura akanieleza kwa upole wa daktari tofauti ya herufi L na R. Kwetu Bungoma hizo mbili huazimana viti bila kuulizana. Sikujua kwa ubao zinagombana.

Nasimiyu akaacha sufuria, akaja akasimama nyuma yangu na mwiko wake. Kura moja. Mwalimu Simiyu akakabidhiwa muhuri, nami nikapiga makofi, kwa sababu mikono ilikuwa haina kazi nyingine.

Lakini ile laini yangu haikuondoka. Wangeenda wapi? Walikuwa na njaa. Basi nikachukua mwiko, nikapakua, nikaanza na mzee kama adabu inavyotaka. Akangoja mchuzi uenee vizuri kwa wali.

"Rudi shule, mkwe wangu," akasema. "Lakini safari hii uende mchana."

Mhubiri siwezi kumlaumu. Alisema utapata ulichoandika, na kusema kweli, mimi nimeshiba.