Siku Kamati Ilipofika Mengineyo

Kwa furaha isiyo kifani, Kitengo cha Utulivu Darasani, ambacho mimi ndiye mkuu wake, kinautangazia umma kwamba utulivu umepatikana. Mwongozo wetu uko wazi: mwanafunzi makini ni yule asiyesikika. Shule zote ziliupokea kwa mikono miwili, isipokuwa darasa la nne moja, lililokuwa likisikika hadi barabarani.

Nilikwenda mwenyewe. Nikakuta watoto wamezunguka beseni la maji, wanabishana kwa nini jiwe linazama na kipande cha mbao kinaelea. Mwalimu wao, mama mfupi mwenye chaki mpaka kwenye nyusi, alikuwa katikati yao, mikono ya blauzi imelowa.

"Mwalimu, hapa kuna kelele."

"Wanajifunza, Mheshimiwa."

"Wajifunze kimyakimya."

Akapiga makofi: mawili ya haraka, moja la kuchelewa. Darasa zima likamjibu vilevile, kisha kimya. Nilikataa kuvutiwa. Nikatoa somo la mfano kwa kuwasomea utangulizi wa Mwongozo. Nusu ya darasa walifumba macho ili wanielewe vizuri zaidi. Nikajipa alama zote.

Kisha nikapendekeza mwalimu ahamishiwe stoo ya vitabu, mahali ambapo hakuna wa kumchangamsha. Aliitwa mbele ya Kamati Kuu ajitetee, akaja macho mekundu.

"Wanangu wale wakinyamaza ndio nimewapoteza," aliniambia mlangoni. "Huko stoo nitamfundisha nani, mende?"

Nikamjibu kwamba mende nao wanastahili utulivu.

Kamati ilikuwa kazini. Mkurugenzi alikuwa kwenye simu, akimfokea fundi bomba wa nyumbani kwake. Naibu wake na mhasibu walikuwa wakichekea picha fulani. Mwenyekiti aligonga meza bila kusikika, kama ilivyo kawaida yetu. Mwalimu akaanza kujitetea, sauti ikamezwa. Akaanza tena, ikamezwa tena. Basi akapiga makofi: mawili ya haraka, moja la kuchelewa.

Sijui mikono yetu ilitumwa na nani. Kamati Kuu nzima ilimjibu, nami nikiwemo.

"Simu mezani," alisema. "Nyie wawili wa picha, nimewaona. Mmoja ahamie huku. Mheshimiwa Mkurugenzi, hilo la bomba ungependa kutuambia sote?"

"Hapana, Mwalimu. Samahani, Mwalimu."

"Haya. Mwenyekiti, endelea baba."

Kwa mara ya kwanza tangu iundwe, Kamati ilimaliza ajenda. Suala la mwalimu liliisha upesi: arudi darasani kwake. Balaa ni kwamba muda ulibaki, na mwenyekiti akafika kwenye Mengineyo, ambako hakuna kati yetu aliyewahi kufika. Huko kulikuwa na swali moja, limesubiri miaka: Kitengo cha Utulivu Darasani kinafanya kazi gani hasa?

Wote wakanigeukia. Ukimya ulikuwa kamili, kama tulivyoagiza katika Mwongozo.

Siku hizi niko darasa la nne, kwa kinachoitwa mafunzo kazini. Nimepewa dawati la mbele, karibu na beseni, na magoti hayaingii. Jana nilinyoosha mkono, maana jibu la lile jiwe nilikuwa nalo, jamani, linaniwasha mdomoni. Nikaruhusiwa. Nikasimama, nikalisema taratibu, kwa adabu zote.

"Paza sauti, Mheshimiwa!" watoto wa nyuma wakaniambia. "Husikiki!"