Benchi Langu la Wateja

Jumatatu, 8 Juni
Siku ya sabini na mbili ya gonjwa hili. Waliokaa kwenye benchi langu leo: paka. Zamani lilijaa tangu asubuhi, watu wakilalamika nguo zao hazijaisha. Nawaambia njoo kesho, kesho wanakuja, wananisema, tunacheka, wanaondoka. Yale ndiyo maisha! Sasa nani ashone nguo? Aivae aende wapi?

Wanataka barakoa tu. Wanalipia mlangoni na kutimua mbio. Na ng'ambo ya barabara fundi viatu ana watu watatu, wamekaa kwa kuachiana nafasi kama sheria inavyotaka, wanapiga soga! Kwa nini? Kwa sababu mteja wa viatu haendi popote, mguu mmoja uko peku. Huo si ufundi, ni utekaji nyara.

Nimepata wazo. Kila barakoa, mpira wa sikio la kushoto nitaufupisha. Utawabana. Watarudi kugomba. Watakaa!

Jumatano, 10 Juni
Barakoa kumi na nne zimetoka. Hajarudi hata mmoja!

Saa nne kapita karani wa posta na barakoa yangu, mpira wa sikio la kushoto umeungwa kwa kamba ya kiatu. Kamba nyeusi! Nikamuuliza nani kamfanyia. Akasema fundi viatu, tena bure, na kiti alimpa. Msaliti mkubwa! Nimemkazia macho kutwa nzima. Yeye kanipungia mkono. Ana dharau yule.

Alhamisi, 11 Juni
Mke wangu kapiga simu. Amekwama kwa mama yake tangu safari zizuiwe. Kauliza jana niliongea na nani. Nikasema watu wengi. Kauliza akina nani. Nikamtaja karani, halafu paka. Akasema upweke unanimaliza. Mpweke, mimi? Mimi nina duka! Nikakata simu kwa hasira. Nimeishika mkononi hadi jioni na hakupiga tena. Mtu gani asiyejua kubembeleza?

Ijumaa, 12 Juni
KARUDI MMOJA! Mwalimu mstaafu, yule bibi wa nyumba ya kona aliyefiwa na mumewe mwaka jana. Kavaa barakoa nyingine, ya kwangu kaishika mkononi, anasema mpira umekatika wenyewe. Nikautazama. Umekatwa kwa mkasi, tena mkasi butu! Kazi yangu! Mtu mzima anaharibu barakoa makusudi ili apate pa kukaa?

Akamsogeza paka, akaweka mkoba kwenye benchi, akauliza kama anaweza kusubiri. Mishono miwili tu, dakika moja.

Lakini mimi si mjinga. Akisubiri, kaja mara moja. Akirudi, kaja mara mbili. Nikamwambia nimezidiwa na kazi, njoo kesho. Aliitazama meza yangu, haikuwa na hata uzi. Akasema haya mwanangu, akachukua mkoba wake, akaondoka polepole.

Jumamosi, 13 Juni
Asubuhi wamepita watu wa serikali na kipaza sauti. Ikifika saa sita maduka yote yafungwe, wiki tatu.

Barakoa ya mwalimu nilishaimaliza jana. Nimelifuta benchi mara mbili. Saa tatu, hola. Saa nne, hola. Saa tano nikachungulia nje: mwalimu yuko kwa fundi viatu! Mguu peku, anacheka mpaka anafuta machozi. Nikavuka barabara. Ukanda wa kiatu umekatwa kwa mkasi, na mkasi ule naujua!

Akasema hakutaka kunisumbua, maana nina kazi nyingi. Fundi viatu akavuta kiti cha tatu, akanikaribisha niketi hadi saa sita. Niketi? Kwa adui? Nikasema kweli, nina kazi nyingi. Nikampa barakoa yake, nikarudi kukaa na paka.

Saa sita nimefunga. Wiki tatu! Watu hawa hawana shukrani kabisa. Ila kosa langu nimeliona. Nikifungua, mteja wa kwanza akija nitamwambia aje keshokutwa.