Tangazo la Ubwa wa Jongowe

Jumatatu, 4 Agosti

Bi Radhiya, mkurugenzi wetu, ametuita ofisini mimi na Badria. Amesema wazi. Nafasi ya ukarani ni moja, sisi tuko wawili, na muda wa majaribio unakwisha Jumamosi, siku ya kufungua Makumbusho ya Meli Zilizozama. Atakayeleta watu wengi zaidi atathibitishwa. Mwengine ashukuru kwa uzoefu alioupata.

Badria alicheka.

Makumbusho yenyewe nayaogopa. Chumba cha tatu ni mfano wa meli Asumini, iliyozama nilipokuwa mdogo. Mgeni anavaa jaketi la kuokolea, taa zinazimika, sakafu inainama, maji ya baridi yanamrukia usoni na ukuta unalia kwa sauti za watu. Bi Radhiya anasema huko ndiko kujifunza kwa vitendo. Mimi nikipita pale nasoma Ayatul Kursi.

Badria ameshapatana na skuli. Skuli nzima!

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata!

Hapa kwetu kuna tangazo gani ambalo hakuna mtu analikatiza? Matangazo ya vifo. Yakianza redioni, mama yangu huepua kikaango ili mafuta yasichachatike.

Nikamwendea Hamid, niliyesoma naye, ambaye ndiye msomaji wa matangazo hayo. Akasema kipindi kile si cha makumbusho. Nikamuuliza, kwani watu wa Asumini hawakufa? Akafikiri. Akasema basi lazima lianze na "tunasikitika", liwe na jina la marehemu na mahali pa kukusanyika, la sivyo mkubwa wake atalitoa.

Jina nimelichukua kwenye ukuta wetu wa waliopotea baharini. Ubwa Makame wa Jongowe, kisiwani Tumbatu. Nimelichagua kwa kuwa ni fupi.

Ijumaa, 8 Agosti

Limesomwa. Hamid alishusha sauti vizuri sana. "Tunasikitika kutangaza habari za Ubwa Makame wa Jongowe, aliyekuwa abiria wa meli Asumini. Watu wote mnaombwa kukusanyika Makumbusho, Shangani, kesho saa nne asubuhi."

Mama akasema inna lillahi. Akaniuliza kama maiti imeonekana baada ya miaka yote hiyo. Nikamwambia ni mambo ya kikazi. Hakurudisha kikaango motoni. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 9 Agosti

Watu wamekuja. Ya Rabi, watu wamekuja!

Uchochoro wote kanzu tupu. Badria na wanafunzi wake walikwama nyuma, hawaoni hata mlango. Nilifurahi. Kisha nikaliona jeneza.

Watu wa Jongowe walikuja na jeneza, sanda na karafuu maiti. Mzee Matar, mkubwa wa ukoo wa Ubwa, alinishika mkono akanipa pole. Akauliza maiti imeshaoshwa au waoshe wao. Akasema vijana wanachimba kaburi Jongowe tangu alfajiri, na ardhi ya kule ni jiwe tupu.

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema kweli. Nikafungua mdomo. Nikasema: "Bado anatayarishwa."

Bi Mashavu, mama yake Ubwa, hakungoja. Huyu hata mwanawe aliposaliwa sala ya ghaibu, bila maiti, alikataa kupewa mkono wa pole, kwa kuwa hakumwona. Akanipita, akaingia ndani. Nilimfuata mpaka mlango wa chumba cha tatu, nikaishia hapo. Mashine huwaka yenyewe mtu akikanyaga sakafu. Taa zikazimika. Sakafu ikainama, maji, vilio. Mabaharia wazima tulioijaribu nao walipiga mayowe mle. Yeye aliita tu: "Ubwa! Ubwa mwanangu!"

Na ukuta ukaitika: "Naam!"

Sauti ile ni yangu. Tulirekodi mwezi uliopita, nahodha anaita na abiria wanaitika. Mimi nilipewa "naam" kwa sababu nilishindwa kulia vizuri.

Alitoka kanga imerowa. Akamwambia Mzee Matar warudi na jeneza lao, Ubwa kamjibu.

Mzee Matar akanigeukia. "We kijana, umetufanya nini?"

Nilijifungia chooni mpaka gari zao zikaondoka.

Jumapili, 10 Agosti

Badria amesema yote. Bi Radhiya hakunifokea, na hilo ndilo lililonitisha. Ameniambia kaburi wazi halilazwi, maana huita mtu. Kwa hiyo watu wa Jongowe wamezika mgomba badala ya maiti, wakalifukia. Bi Mashavu hakwenda kuangalia. Anasema hao wamezika mgomba, mwenye kaburi yu hai.

Amri ni hii. Niende Jongowe, niseme kwa mdomo wangu kwamba sauti ni yangu, niombe radhi. Uamuzi umesogezwa: Jumamosi ijayo atawaalika hapa awasikie wenyewe. Wakiniwia radhi nitathibitishwa, maana watu kweli nimeleta. Wakikataa, kazi ya Badria.

Jumanne, 12 Agosti

Nimekwenda. Nimetapika njia nzima ya kuvuka.

Nikampa Mzee Matar shikamoo, akaitika marahaba ya baridi. Akasema yeye anaweza kusamehe, lakini mwenye haki ni mama mtu. Akanionesha mlango.

Bi Mashavu alikuwa anatandika kitanda. Shuka mpya, foronya mpya. Akauliza kama nshakula. Akanipa chai na mkate wa kumimina, akakaa kunitazama ninavyokula.

"Wewe ndo unokaa naye kule?"

Sentensi nilikuwa nayo. "Sauti ile ilikuwa yangu, Bi Mashavu." Nilikuwa nimeihifadhi kama sura ya Kurani. Lakini yeye akawahi. Akasema tangu siku ile analala usiku kucha, jambo alilolisahau. Ila kitu kimoja kinamkera. Kwa nini neno moja tu? Kamkasirikia?

Nikasema: "Hapana. Alikuwa na haraka."

Akauliza, je, Jumamosi atasema zaidi?

Nikasema inshallah.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimefikiri vizuri na mambo si mabaya. Bi Mashavu akiridhika, Mzee Matar ataridhika. Mzee Matar akiridhika, Bi Radhiya ataridhika. Nimeshamwambia Bi Radhiya kwamba Jongowe nilipokewa kwa chai.

Badria amekuja mezani kwangu, kapoa kama maji ya mtungi. Amesema nirudi nikamwambie yule mama kweli kabla ya Jumamosi, na kama naogopa, yeye yuko tayari kufuatana nami. Wivu huo! Anataka nafasi yangu mpaka anatoa machozi.

Jioni nimeingia chumba cha tatu peke yangu, mashine imezimwa, nikarekodi: "Mama, sijakasirika. Nipo salama. Usiningoje tena." Nimerudia mara nyingi, kwa kuwa sauti ilikuwa ikitetemeka. Mwisho ikatoka nzuri. Nzuri kupita kiasi, kama ya Hamid.

Basi nimetia kikohozi kidogo mwanzoni. Mtu aliyekaa majini muda wote huo, lazima akohoe.