Siku Tatu za Baba Kutangazwa Redioni

Lipangalala, Ifakara
2 Juni

Kwa Meneja,
Redio Bonde Letu.

YAH: KUVUJISHWA KWA SIKU TATU ZA BABA

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watangazaji wako wote, isipokuwa dada Eliza wa kipindi cha Jumatano jioni, ambaye habari zake ziko hapa chini. Mimi ni mtunza stoo katika ghala la mpunga hapa mjini, mume wa Bernadetha, baba wa watoto wawili, na wa tatu yuko njiani. Ni msikilizaji wenu wa siku nyingi, ndiyo maana naandika kwa adabu.

1. Mwezi wa nne, mpunga ulipoanza kutoa masuke, nilinunua redio kubwa nikaifunga juu ya dungu, kile kilingo cha kuamia ndege, shambani kwetu, ng'ambo ya mto, ili ifukuze ndege. Niliiacha kwenye stesheni yenu kwa sababu ndiyo yenye kelele kuliko zote. Ndege waliizoea siku ya pili, wakaendelea kula. Wanawake wa mashamba ya jirani ndio waliokuja. Kila Jumatano walitandika mikeka chini ya dungu langu wamsikilize Eliza akieleza sheria za kazi na uzazi. Nilitega redio kwa ajili ya ndege, nikafungua shule.

2. Zamani sheria ilikaa ofisini ndani ya kabati, kwa Kiingereza, na haikumsumbua mtu. Ninyi mmeitoa, mmeilainisha kwa Kiswahili, tena mnairudia. Nilipopata matumaini kwamba wengine hawatashika yote, mama Sikitu, ambaye mumewe ni mfugaji, akaanza kuwafafanulia wenzake kwa Kisukuma. Hakuna aliyemtuma.

3. Jirani yetu Happyness, anayefungasha mchele kiwandani, alikuwa amejifungua mwezi wa pili; aliposikia hayo akamwendea mwajiri wake na kutaja siku themanini na nne za likizo yenye malipo. Akapewa! Aliporudi kazini akataja muda wa kunyonyesha, hadi saa mbili kwa siku. Akapewa tena. Siku hizi anapita mtaani kana kwamba sheria hiyo aliitunga yeye.

4. Hapa ndipo penye kidonda. Wiki iliyofuata Eliza akatangaza kwamba hata baba aliyeajiriwa ana siku tatu za likizo yenye malipo mtoto anapozaliwa, na kwamba kazini kwa kawaida hujaza fomu. Hiyo fomu kulikuwa na haja gani kuitaja? Bernadetha alikuwa palepale mkekani. Jumamosi alirudi mjini, akafungua sanduku langu, akakuta fomu mbili, ya kuzaliwa kwa Evod na ya kuzaliwa kwa Leticia, zote zina saini yangu. Miaka yote nilikuwa nimemwambia kwamba siku zile nilitumwa kikazi Uchindile, kule kwenye mashamba ya miti. Ukweli ni kwamba nilikuwa Kivukoni, kando ya mto, na rafiki yangu Fransisko, tukivua kambale na kuwala. Mke wangu hakugomba. Aliuliza tu: "Baba Evod, kumbe wale kambale uliokuja nao waliota kwenye miti ya Uchindile?" Heri angegomba.

5. Kwa kuwa nimeshaanza kusema kweli, niimalize. Leticia alipokuwa na siku mbili, mama yake alipandwa na homa kali, Happyness akamkimbiza hospitali kwa bajaji. Mimi nilirudi na samaki wangu nikakuta mlango umefungwa. Nilijisikia vibaya sana, na sikumwambia mtu. Ndugu Meneja, naogopa hospitali, na zaidi naogopa kichanga ambacho shingo yake haijakaza. Hiyo ilikuwa siri yangu, na ilitunzwa vizuri hadi kipindi chenu kilipoanza. Sasa Bernadetha amesema safari hii nitakuwepo, na fomu ataipeleka kwa bosi yeye mwenyewe.

6. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kipindi kirushwe kwa Kiingereza, tena harakaharaka. Mwanamke anayetaka kusikiliza alete barua ya mumewe yenye muhuri wa mtendaji wa mtaa. Hayo yakishindikana, sheria ibadilishwe na siku tatu apewe mama mkwe, ambaye tayari ana uzoefu. Na Eliza ahamishiwe kipindi cha salamu, ambako watu hutajwa majina tu bila kuulizwa walikuwa wapi.

Nikitarajia hatua kali kabla mtoto hajazaliwa, nawasalimu fundi mitambo, mlinzi wa getini, na wazee wote wanaowasikiliza, shikamooni. Eliza naye msalimieni, lakini kwa kifupi.

Wenu mwenye heshima na kinyongo,
Osward Melkiori

N.B. Barua hii ilikaa mezani wiki mbili kabla sijaituma. Mtoto amezaliwa Jumanne asubuhi, wa kike, na Bernadetha ni mzima. Naandika kwa mkono mmoja kwa sababu ule mwingine umembeba. Leo ndiyo siku yangu ya tatu, kesho naripoti stoo. Futeni lalamiko la kwanza hadi la sita, mbakize hili moja: mmechelewa. Evod ana miaka tisa, Leticia ana sita, na mimi sijui walipozaliwa walikuwa wadogo kiasi gani.