Ombi la Kuondolewa Undugu Saa za Kazi

Isack Eliamini,
Studio ya Mgombani
(iliyokuwa stoo ya kahawa ya Babu),
Kirua Vunjo.

Kwa Mwenyekiti wa Ukoo,
Mzee Efraimu,
Nyumba ya juu, jirani na mfereji.

YAH: KUONDOLEWA UNDUGU JUMATATU HADI IJUMAA, SAA MBILI ASUBUHI HADI SAA KUMI NA MOJA JIONI

Mheshimiwa Mwenyekiti, shikamoo.

Najua kichwa cha habari hapo juu utakisoma mara mbili, kisha utavua miwani na kumwita Mama Mkubwa akusomee. Hukukosea kusoma. Nimekuita Mheshimiwa Mwenyekiti na si Baba Mkubwa kwa makusudi mazima. Leo ni Jumanne, mimi niko kazini, na mtu akiwa kazini hana baba mkubwa. Usinihesabie utovu wa adabu. Hiyo ndiyo hoja yenyewe.

Unafahamu kwamba tangu nirudi kutoka Dar es Salaam na vyombo vyangu, stoo ya Babu nimeigeuza studio ya kurekodia. Ukutani nimegandisha trei za mayai, mlangoni nimening'iniza mablanketi mawili, na harufu ya kahawa nimeiacha ilivyo kwa sababu waimbaji wanasema inawafungua koo. Unafahamu pia ninahangaika kwa ajili ya nani. Leonia wa Kibosho alikuja hapa mwaka jana kurekodi wimbo wa kipaimara cha mdogo wake, akauliza bei kabla hajakaa. Kabla hajakaa! Sijawahi kumwona mtu wa namna hiyo katika mlima huu, na nikampenda hapohapo. Bahati mbaya nilimjibu kwamba inategemea. Alicheka, akaenda kumsimulia baba yake, na Mzee Vedastus hakucheka. Aliniita akaniambia wazi kwamba hamwozi binti yake kwa kijana ambaye kazi yake haina bei. Fundi cherehani ana bei, alisema, fundi pikipiki ana bei, hata yule anayenoa visu gulioni ana bei. Baba Mkubwa, nilijiona mdogo kama punje ya ulezi. Samahani, Mheshimiwa Mwenyekiti.

Nikarudi nikapanga bei. Wimbo mmoja shilingi elfu hamsini, kuchanganya sauti humo humo, video tutaelewana. Nikaandika kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi kubwa, nikaibandika mlangoni. Imekaa hapo tangu kahawa ya msimu uliopita ianuliwe, na hadi ninapoandika hakuna binadamu aliyeilipa. Si kwamba watu hawaji. Wanajaa mpaka kwenye migomba. Shida ni kwamba hakuna anayekuja kama mteja, wote wanakuja kama ndugu. Kwa heshima na taadhima, malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Salamu. Mteja wa mjini anaingia, anauliza bei, anakasirika, analipa. Mteja wa hapa anaingia, anakaa, halafu anataka kujua mimi ni wa nyumba gani, Babu alioa wapi, na Bibi alizaliwa upande upi wa mto. Mwanzoni nilidhani ni upendo. Sasa nimeelewa kwamba hayo ndiyo majadiliano ya bei. Tukifika kwa bibi wa kwanza nimeshashuka hadi elfu thelathini. Tukigusa ndoa ya shangazi iliyofungwa kabla sijazaliwa, imebaki elfu kumi. Mama Eliaichi wa bondeni alikunywa chai vikombe viwili, akachimba na kuchimba, akafika mahali ambapo mama yake na Bibi yangu walinyonya titi moja. Nilimrekodi bure, nikamsindikiza hadi barabarani, na mkungu wake wa ndizi nikambebea mimi.

2. Kwaya. Kwaya ya akina mama ya usharika ilipopanga siku, nilijipa moyo. Nilijiambia kwaya ni taasisi, na taasisi haina shangazi. Kumbe! Safu ya mbele peke yake ilikuwa na shangazi watatu, safu ya kati wake za binamu, na sauti ya pili karibu yote imewahi kunibeba mgongoni. Mwalimu wao, Tabitha, alisoma ile karatasi mlangoni kwa utulivu, akasema bei ni nzuri kabisa, haina neno, ila wao wataniombea. Walirekodi nyimbo sita, kila mmoja na beti zake zote, maana wanasema kuruka ubeti ni kumkatisha Mungu maneno. Sala ilikuwa moja. Ilikuwa ndefu na nzuri, nakiri hata mimi nilitokwa na machozi, lakini luku ya umeme hainunuliwi kwa sala.

3. Malipo ya vitu. Sikatai vitu. Nimepokea ndizi, parachichi na maziwa mpaka mama yangu amenikataza kuingiza kitu kingine jikoni. Lakini Mzee Ndelilio alinilipa jogoo. Jogoo huyo nimemfunga nyuma ya studio kwa kuwa sina pengine pa kumweka, na tangu hapo ameshaingia katika nyimbo za watu wanne, mara mbili kwenye kiitikio. Wiki iliyopita Mzee Ndelilio alisikia moja ya nyimbo hizo dukani, akaitambua sauti. Sasa ananiuliza jogoo wake atalipwa lini.

4. Msale. Hili ni zito, na naliandika nikiwa nimesimama. Mzee Sifael alifika hapa asubuhi na jani la msale mkononi, amelifunga fundo. Wote tunajua kwamba anayekuletea msale huwezi kumfukuza, hata kama alikumwagia damu. Nilishtuka nikamwuliza amenikosea nini. Akasema bado hajanikosea, ila anataka kurekodi nyimbo za kumkumbuka marehemu mke wake, na kwa kuwa moyoni anajua hatalipa, ameona aombe msamaha mapema, asije akasahau. Nilimsamehe. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Na alivyoimba, Mheshimiwa, nilizima taa ya mezani asinione uso. Lakini kijana mmoja wa bongo fleva aliyekuwa akisubiri zamu aliona yote hayo. Akatoka nje, akachuma msale kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba letu sisi wenyewe, akaingia nao. Yaani tunadaiwa msamaha kwa majani yetu! Nilifikiria kuing'oa misale yote ya mpakani, ila jirani angesema tunahamisha mpaka, na wewe ungelazimika kuitisha kikao kingine.

5. Ndugu wa Desemba. Bado mwezi, na tayari simu zimeanza. Binamu Eliona, ambaye unajua ana kazi nzuri Arusha na gari la kupandia mlima, anataka kurekodi albamu nzima akija Krismasi. Nilimtajia bei. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimesahau nani alinibebea daftari nikiwa darasa la kwanza. Nimejaribu kukumbuka nani alimlipa yeye kwa kazi hiyo, na sijapata jibu.

6. Kikao chako. Naliweka mwisho kwa sababu ya heshima. Mwezi uliopita, mimi nikiwa nimejifungia na vipokea sauti masikioni, kikao cha ukoo kilikaa kikanipangia bei bila mimi. Ndugu wa damu bure, ndugu wa ndoa nusu, jirani tutaangalia. Nilichukua penseli nikaanza kumtafuta, katika Kirua yote, mtu asiye wa damu, wala wa ndoa, wala jirani. Nilimpata mmoja, mwalimu mgeni kutoka Mbeya. Nilimfuata mpaka kwake nikamkuta anafua, nikamweleza habari za studio kwa unyenyekevu mkubwa. Akasema haimbi. Nikamwambia atajifunza. Alikuwa anaelekea kukubali, lakini Jumamosi iliyopita nimesikia amemchumbia binti wa Shangazi Gladness, kwa hiyo na yeye amekwisha.

Umeona mwenyewe, Mheshimiwa, kwamba tatizo si bei yangu. Ningeshusha hadi shilingi mia, bado kuna bibi angepatikana wa kuila. Tatizo ni undugu wangu, na undugu ndio unaopaswa kupunguzwa. Hivyo naomba kikao kijacho kipitishe yafuatayo, bila kuniita:

(a) Nifutwe katika ukoo siku za kazi na saa za kazi. Jumamosi na Jumapili nirudishwe kama kawaida, na Krismasi pia, kwa sababu ya nyama.

(b) Katika saa hizo nihesabiwe kuwa mgeni kutoka mbali. Napendekeza Lindi, maana sijamsikia mtu wa huku aliyeoa Lindi. Kama yupo, naomba asijitokeze.

(c) Mama aniite fundi, na chakula cha mchana aniuzie. Nilijaribu kumweleza mimi mwenyewe. Alisema sawa, basi tuanze na hesabu ya miezi tisa. Naomba kikao kimweleze kwa lugha laini kuliko yangu.

(d) Atakayetaja ndani ya studio jina la bibi yangu yeyote, aliye hai au marehemu, atozwe nyongeza.

(e) Ukitokea msiba siku ya kazi, nitakuja kutoa pole kama mtu wa Lindi. Nitakaa kwenye viti vya wageni, nitakula pamoja na wageni, na sitabeba maturubai. Akichinjwa mbuzi, fungu langu la ndugu liwekwe hadi Jumamosi.

Najua kuna watakaosema mtoto huyu mji umemharibu. Waambie sivyo. Ninaogopa tu, Baba Mkubwa, na hapa nakuita hivyo nikijua ni saa nne asubuhi. Leonia amenisubiri mwaka sasa, na kwao wapo wanaomletea habari za vijana wenye maduka. Hajawahi kunilalamikia hata mara moja. Ananiuliza tu, kila akipiga simu, kama leo kuna aliyelipa, na mimi namjibu kwamba leo kuna aliyekaribia. Siwezi kuendelea kumjibu hivyo. Nataka niende kwa baba yake nikiwa mtu mwenye kazi yenye bei, na kwa jinsi mlima huu ulivyo, bei na ndugu havikai nyumba moja. Nimechagua bei. Naomba mnikubalie kwa moyo mweupe, kama mnavyokubali mtu akihamia Kanada.

Nisalimie Mama Mkubwa na umwambie kiburu cha ndizi na maharage alichonitumia kilinifikia kikiwa bado cha moto. Wasalimie shangazi wote, wa safu ya mbele na wa nyumbani. Msalimie Mzee Sifael, wimbo wake wa tatu umetoka vizuri mno. Salamu pia kwa ng'ombe wako aliyezaa, na kwa wajumbe wote wa kikao, ambao kuanzia Jumatatu nitafurahi kuwahudumia kama wateja wengine wowote.

Ni mimi, mgeni mtarajiwa wa ukoo wako,

Isack Eliamini
Fundi Sauti

Nyongeza: Nilikuwa nimeshafunga bahasha. Nimeifungua baada ya kupigiwa simu na mshenga wangu. Mzee Vedastus amesikia kwamba sasa nina bei iliyoandikwa, amefurahi sana, na amekubali tukapose. Siku aliyotaja ni Jumatano ijayo, saa nne asubuhi. Anataka kuona ukoo wangu umekaa mbele yake, baba wakubwa, baba wadogo, shangazi na wajomba, kwa sababu anasema kijana anayekuja peke yake, siku akikosea, hakuna mzee wa kumpelekea mashtaka. Mahari pia ameitaja. Nililazimika kukaa chini, na hata sasa naandika nikiwa chini. Mshenga alipojaribu kuuliza kama kuna kupunguza, Mzee alijibu kwamba kwa mtu baki hapunguzi hata senti, ila ikitokea ni ndugu, watazungumza.

Baba Mkubwa, barua hii usiisome kwenye kikao. Ikiwezekana iwashie moto wa chai. Njoo Jumatano, na usije peke yako. Waje wazee wote wenye kumbukumbu, waje shangazi wanaojua nani aliolewa Kibosho na lini, na wasikubali kuanza habari za mahari kabla hawajanywa chai na kuuliza kila mtu ni wa nyumba gani. Wachimbe mpaka wapate undugu, wowote ule, unaotosha kupunguza mahari lakini usiotosha kuzuia ndoa. Nauli ya Hiace nitaitafuta mimi. Studio siku hiyo nimeifunga, na niwapo Kibosho nitakaa nyuma yako, nitanyamaza, na mtanisemea ninyi. Mimi ni mtoto wenu, hata Jumatano saa nne.